Mlango wa Alhamisi

Sufuria lile Kuluthumu alilitambua kabla hajajua kwamba kinachosomwa ni hadithi.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la mashine ya kusaga pale Nkuhungu, debe lake la mtama katikati ya miguu, akingoja zamu. Ilikuwa Jumatatu. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi na pumba uwanjani, na mashine ilikuwa imezimwa ili Henry, mwenye kuiendesha, abadilishe mkanda. Kwa hiyo palikuwa kimya. Paskazia, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwake, alikuwa anasoma kwenye simu kwa sauti, na mwenzake Edina amemwegemea begani anasikiliza mdomo wazi.

"'Alhamisi ikifika,'" Paskazia alisoma, "'baada ya Alasiri, lango dogo la samawati la uani halifungwi. Masikini huingia na bakuli zao. Yasmini husimama nyuma ya sufuria kubwa lenye mkono mmoja mzima na mwingine wa waya, akigawa pilau ya kuwarehemu wafu. Hapo ndipo Rayani alipopenya, katikati ya masikini. Akanyoosha bakuli, akasema: Sikuja kula. Nimekufuata wewe.'"

"Mama yangu!" Edina alijipiga paja. "Rudia hapo pa bakuli."

Kuluthumu alikaza mikono kwenye ukingo wa debe. Waya ule aliufunga yeye mwenyewe, Ramadhani ya mwaka juzi, kwa koleo ya dukani. Na lango lile lilipakwa rangi ya samawati kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye makopo. Alikuwa analifungua kila asubuhi kwa mwaka wa kumi na moja sasa.

"Na baba yake asiwaone?" Edina aliuliza.

"Baba yake Mhindi yule, hana habari, anakagua dhahabu. Hukusoma sehemu ya kumi na nne? Kabati la chuma, chumbani kwa Yasmini. Dhahabu za mabibi wanne zimo humo."

"Nasikia nyumba yenyewe ipo kweli."

"Ipo. Mtaa wa Kikuyu huko. Kaka Anthony anasema vijana wa kijiweni kwao wameshaipeleleza, lango la samawati wameliona kwa macho. Sasa wanabishana dhahabu ni kilo ngapi."

"Wahindi hao. Wataikosaje?"

Wakacheka. Paskazia akamgeukia Kuluthumu kwa adabu ya utani. "Eti Mama Shamimu, si wewe unafanya kazi kwa Wahindi? Hawana kijana mmoja hapo anioe, niwe navaa bangili mpaka kwenye kiwiko?"

"Saga unga wako ukale, mwanangu," alisema Kuluthumu. "Nani kaandika hiyo?"

"Hajulikani. Anajiita Ua la Zabibu."

Henry akawasha mashine, kelele ikameza kila kitu. Kuluthumu aliendelea kuiangalia midomo ya wasichana ikicheka. Pilau ya kuwarehemu wafu. Hakuna mtu mwingine Nkuhungu nzima aliyesema hivyo. Maneno yale yalitoka mdomoni mwake, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiyasikia kila siku, kwenye mkeka, wakila.

*

Shamimu alikuwa kibarazani anachambua mlenda, simu imelala juu ya ungo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne na anangoja kisichojulikana.

"Shikamoo mama. Mbona umerudi mapema?"

"Ua la Zabibu ni nani?"

Mikono ya binti ilisimama. Hakukana, na hilo Kuluthumu alilihesabu kuwa jema la kwanza na la mwisho siku ile.

"Ni hadithi tu, mama."

"Sufuria ni hadithi? Lango ni hadithi?"

"Si nimebadilisha majina! Sikuandika Sabrina. Sikuandika Dodoma. Watu elfu tatu wananisoma, mama. Elfu tatu. Mpaka Mwanza huko wananiuliza Yasmini ataolewa lini."

"Nani alikwambia habari za nyumba ya watu?"

Shamimu alimtazama mama yake kwa mshangao wa kweli. "Wewe. Tangu niko darasa la tatu. Leo Mama Nurdini kasema hivi, leo Sabrina kalia hivi, leo kabati la chuma limekwama. Mimi hata chumba hicho sijawahi kuingia."

Kuluthumu aliketi. Alitafuta neno la kumkemea, akaona yote yatamrudia mwenyewe.

"Na dhahabu?" aliuliza mwisho. "Dhahabu niliisema lini? Lile kabati lina sanda ya bibi wa watu na vidonge vyake vya presha."

"Ile..." Shamimu aliinamisha kichwa. "Ile wasomaji waliitaka. Mwanzo niliandika kweli, mama. Niliandika baba yake anauza misumari na mabati, anavaa ndala, na binti anaosha vyombo anatania watu. Walinicheka. Wakasema huyo Mhindi gani? Wakaanza kujitoa kwenye kundi. Nilipoweka kabati la dhahabu na baba mkali, wakarudi wote na wengine juu yao. Mhindi asiye na dhahabu hawamsomi."

"Futa."

"Mama..."

"Futa mbele yangu."

Alifuta, sehemu moja baada ya nyingine, machozi yakidondokea kwenye mlenda. Alipomaliza alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akasema taratibu, "Lakini watu wameshanakili. Iko kwenye makundi ambayo hata siyajui."

*

Nyumba ya Nurdini, mwajiri wake Kuluthumu, ilikuwa nyuma ya duka lake, na ukipita mbele huoni chochote ila ndoo za rangi na mafungu ya nondo. Mama yake Nurdini alizaliwa Kondoa, baba yake akiwa na duka la khanga na chumvi huko, na Kirangi, lugha ya kwao Kuluthumu, alikisema vizuri kuliko watoto wa Kuluthumu wenyewe. Wakiwa wawili jikoni, bibi yule wa Kihindi asiyeona vizuri na mtumishi wake, walikuwa wanaongea Kirangi na kucheka mambo ambayo Nurdini hakuyaelewa. Lakini Alhamisi hawakucheka. Alhamisi bibi alikaa kwenye kigoda mbele ya sufuria, akasoma Fatiha, akataja wafu wake mmoja mmoja: mume wake, wazazi wake, na mkewe Nurdini, mama yake Sabrina. Na mwisho, tangu mwaka wa kwanza, alisema: "Na Hamidu wa Kuluthumu." Ndipo lango lilipofunguliwa.

Kwa ajili ya jina lile moja la marehemu mumewe, Kuluthumu angeweza kufanya kazi pale bila mshahara.

Jumanne asubuhi alitoka uchochoroni kumwaga majivu. Kijana mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa jirani, amevaa viatu vyeupe visivyo na vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani. Nasikia hapa mnagawa sadaka Alhamisi. Ni saa ngapi?"

"Baada ya Alasiri," alijibu Kuluthumu.

Lilimtoka kama Amin. Miaka kumi na moja alikuwa ameulizwa swali lile na vikongwe, na vipofu, na wanawake wenye watoto mgongoni, na jibu lilikuwa hilo hilo. Kijana alitabasamu, akashukuru, akaondoka bila haraka. Ndipo Kuluthumu alipotazama tena viatu vile, na pale alipokuwa ameegemea, na lango la samawati. Alisimama na karai tupu mpaka majivu yakatulia chini.

Hakusema. Alijiambia atasema baada ya kufua. Baada ya kufua akajiambia atasema baada ya Adhuhuri. Kila alipofungua mdomo aliliona neno lifuatalo lilivyo: nani kamwambia mwanao? Na akajiona akitoka na fuko lake la nguo za kazi, mtumishi aliyeuza siri za jikoni, na Alhamisi ya mbele bibi anamaliza dua bila kulitaja jina la Hamidu.

*

Jumatano Sabrina alimfuata uani, akachukua upande wa pili wa shuka wakakamua pamoja. Alikuwa rika la Shamimu. Utotoni walikuwa wanacheza rede kwenye uchochoro ule ule, na hereni alizovaa, za shaba iliyopakwa rangi, alizipata kwa Shamimu Idi ya mwaka juzi. Hakuwa na nyingine.

"Mama Shamimu. Ua la Zabibu ni Shamimu, ndiyo?"

Shuka lilimponyoka Kuluthumu mkononi.

"Naisoma toka sehemu ya kwanza," alisema Sabrina. Hakuonekana na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nasoma hizi hadithi zote za mapenzi. Sisi Wahindi humo tuko namna mbili tu. Msichana wetu anafungiwa, baba yetu anafungia. Basi. Hatuumwi meno, hatufeli mtihani, hatuendi kununua mkaa. Nilipoanza hii ya Shamimu nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Yasmini anaunguza chapati! Yasmini anamwogopa mwalimu wa hesabu! Nikasema, jamani, huyu ni mimi, kuna mtu kaniona."

"Mwanangu..."

"Halafu sehemu ya tano akanivisha dhahabu." Alikunja shuka vizuri, kona kwa kona. "Juzi dukani vijana wawili waliniita Yasmini. Mmoja akaniuliza, mambo yako mazito bado yako kabatini? Wakacheka. Nikacheka na mimi, ningefanyaje?"

"Umemwambia bibi yako? Umemwambia baba?"

"Baba yuko Kibaigwa mpaka Ijumaa, kapeleka maturubai kwa wafanyabiashara wa mahindi. Na Dadima bibi yangu nikimwambia, atauliza nani kaandika. Nitasema nini? Mtoto wako?" Alishika mkono wa Kuluthumu, mkono uliolowa. "Mwambie Shamimu tu. Sijamkasirikia. Hata kama ameshaifuta, mwambie anivue ile dhahabu."

*

Kuluthumu aliamka Alhamisi akiwa ameshaamua. Alisali Alfajiri, akakaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida. Njia nzima alikuwa anarudia moyoni: Mama, kuna jambo, naomba unisikilize mpaka mwisho.

Alimkuta Mama Nurdini kwenye kigoda anachambua mchele kwa vidole, macho yake meupe yametazama ukutani.

"Asalamu aleikum, Mama."

"Waaleikum salamu. Kuluthumu, miguu yako leo mizito. Unaumwa?"

"Mama, kuna jambo. Leo... leo tusifungue lango."

Vidole vya bibi vilisimama kwenye mchele. "Kwa nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wake, wazi kabisa. Alichotakiwa ni kuingia. Aliona uso wa Shamimu. Aliona fuko la nguo.

"Nimeota vibaya," alisema.

"Umeota nini?"

"Watu wabaya. Wanaingia na masikini. Wanachukua."

Mama Nurdini akaanza kutikisa kichwa polepole. "Astaghfirullah. Na wewe huoti ovyo." Kuluthumu akadhani imekubalika, kwamba Mungu amemsitiri. Ndipo bibi akasema, "Umeota vibaya halafu unataka tufunge? Ndoto mbaya si inatolewa sadaka? Hukufundishwa madrasa? Sabrina! Lete mchele mwingine kilo tano. Na ile nyama ya kesho. Leo hatufungi mpaka Magharibi. Asiondoke mtu mikono mitupu."

"Mama, ingekuwa..."

"Usiogope, bibi wee. Ndiyo dawa yake."

Akabaki amesimama. Angeweza kusema palepale kwamba hapakuwa na ndoto. Lakini sasa ilibidi akiri mambo mawili badala ya moja, na la pili lilikuwa la kumsingizia Mungu. Alichukua kisu, akakata vitunguu kilo tatu, na kila aliyemwona analia aliona ni vitunguu.

*

Baada ya Alasiri uani palijaa. Habari ya nyama ilikuwa imetembea. Mzee Sila, kipofu, alikuwa wa kwanza kama siku zote, bakuli lake la bati limebonyea pande zote. Walifuata wanawake wa Chaduru, na watoto, na watu ambao Kuluthumu hakuwahi kuwaona. Bibi alisoma dua yake. Akataja wafu. "Na Hamidu wa Kuluthumu," alisema, na kwa mara ya kwanza jina lile lilimchoma Kuluthumu kama mtu aliyefumaniwa.

Sabrina alikuwa anapakua. Joto la sufuria lilikuwa limemfanya ateremshe ushungi mpaka mabegani. Kuluthumu alisimama langoni na kazi moja tu: kutazama viatu. Ndala. Miguu mitupu. Makubazi ya tairi. Ndala. Alianza kupumua.

Bakuli ndilo aliloliona kwanza. Lilikuwa la plastiki jekundu, jipya, na karatasi ya bei bado imebandikwa ubavuni. Alipoinua macho, kijana wa Jumanne alikuwa ameshaingia, na nyuma yake wawili, kila mmoja na bakuli lake jekundu.

"Baada ya Alasiri," alisema kijana kwa upole. "Kama ulivyoniambia, mama."

Kuluthumu alipiga kelele. Aliita "Sabrina! Ingia ndani, funga!" na kelele hiyo ndiyo iliyoharibu zaidi, kwa kuwa masikini wote walishtuka na kusukumana kuelekea lango, na katikati ya msukumano ule hakuna aliyewaona watatu wakienda upande wa pili. Mzee Sila alianguka. Sufuria lilipinduka, pilau ikamwagika kwenye mavumbi.

Sabrina alikuwa bado ameshika upawa. Kijana alimnyooshea bakuli lake tupu.

"Sikuja kula," alimwambia, na wenzake wakacheka.

Hawakukaa ndani hata dakika kumi. Walimburuta Sabrina, na Kuluthumu akawafuata mpaka mlango wa chumba cha bibi; mmoja akamwonyesha panga, naye akakaa sakafuni pale pale. Aliona kabati la chuma likivunjwa. Aliona sanda ikitolewa, ile iliyooshwa kwa zamzam, ikakung'utwa, ikatupwa. Vidonge. Albamu ya harusi. Vipande vya udi kwenye kopo.

"Dhahabu iko wapi?"

"Hatuna," alisema Sabrina. "Wallahi hatuna. Ile ni hadithi."

"Hadithi imesema lango samawati, tumelikuta. Imesema sufuria la waya, tumelikuta. Kabati tumelikuta. Itasema uongo kwenye dhahabu tu?"

Hata Kuluthumu, pale sakafuni, alisikia kwamba swali lile lilikuwa na mantiki. Kijana akatazama huku na huku, akaona kilichong'aa pembeni ya shingo ya Sabrina. Hakuzifungua zile hereni. Alivuta, moja kisha nyingine.

*

Ijumaa asubuhi Nurdini alirudi kutoka Kibaigwa na vumbi lake lote, akatazama masikio ya mwanawe yaliyoshonwa, akatoka akamleta fundi wa kuchomelea. Lango la samawati likaanza kuzibwa kwa nondo za dukani.

Nyumba ilijaa wanawake wa jirani, Wahindi kwa Waswahili. Mama Nurdini alikaa katikati ya kitanda na kumshika Kuluthumu kiganja, hakutaka kumwachia.

"Huyu," aliwaambia, "huyu aliota. Asubuhi ile ile alinijia akaniambia, Mama, wataingia na masikini. Neno kwa neno. Mungu alimwonyesha, mimi nikamjibu kwa jeuri."

"Mashallah," walisema wanawake. Mmoja alimwomba Kuluthumu amwombee mtoto wake mwenye degedege. Mwingine aliinama akambusu mkono, mkono ule ule uliofunga waya kwenye sufuria. Kuluthumu alijaribu kuuvuta, wakadhani ni unyenyekevu.

Sabrina alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, pamba mbili nyeupe chini ya ushungi. Alimtazama Kuluthumu tu, kwa upole, kama mtu anayengoja mwenzake amalize sala. Nyumbani Nkuhungu simu ya Shamimu ilikuwa imezimwa tangu jana, lakini asubuhi njiani Kuluthumu aliwapita Paskazia na Edina, na Paskazia alikuwa anasema, umesikia? Ilikuwa kweli ile, ilikuwa kweli yote, dhahabu kilo nne.

Wanawake walipungua. Fundi akaunga nondo ya mwisho, akazima mashine yake, na nyumba ikawa kimya.

"Kuluthumu," alisema Mama Nurdini, na alisema kwa Kirangi, lugha ya jikoni. "Nimemwambia Nurdini, kuanzia leo wewe si wa kazi. Wewe ni wa kukaa na mimi hapa. Sasa niambie tena ile ndoto, taratibu. Uliwaona nyuso? Nani aliwaongoza mpaka kwetu?"

Macho meupe yalimgeukia, yakakosa uso wake kidogo, yakatulia kwenye bega. Sabrina akainamisha kichwa.

Kuluthumu aliufungua mkono wa bibi kidole kimoja kimoja, akauweka juu ya shuka. Akashuka kitandani akakaa sakafuni, mahali alipokaa jana.

"Sikuota, Mama," alisema. "Nilijua."